Papa Waliokatwa Mapezi

Marieta, mwangalizi wa serikali kwenye meli za uvuvi wa bahari kuu, alikuwa likizo kwao Tlawi. Alikuwa akichambua maharage na mama yake wakati wakala wa meli aliyotoka kuisimamia alipopiga simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kwenye ripoti yako andika kwamba papa walirudishwa majini wakiwa hai. Ukikataa, hakuna meli itakayokupokea tena."

Marieta alitazama kiganja chake. Kilikuwa bado na michubuko iliyotokana na ngozi ya papa inayokwaruza, kwa kuwageuza mmoja mmoja melini, wote wakiwa wamekatwa mapezi kinyume cha sheria. Wa mwisho alikuwa bado anapumua.

"Samahani, mzee. Nitaandika nilichokiona."

Akakata simu.

"Wanakuita kazini?" mama yake aliuliza.

"Nadhani hawataniita tena, mama," alisema, akaifungua ripoti.