Kamba Tumboni mwa Papa

Kwenye bahari iliyoganda ya Uummannaq, kaskazini ya mbali, Arnaq alilipasua tumbo la papa huku akiwafukuza mbwa, maana nyama mbichi ya papa huyo huwalevya hadi kufa. Vikamwagika vipande vya sili, mnyama wa bahari za baridi, kisha kamba ya buluu yenye fundo alilozoea kulifunga marehemu mumewe.

"Itupe tu," alisema shemeji yake. "Hawa hula kila uchafu wa huko chini."

Ni yeye aliyerudi peke yake wiki tatu zilizopita, akasema barafu ilipasuka na kamba ikakatika akimvuta nduguye kutoka majini.

Arnaq aliipapasa ncha kwa kidole gumba. Ilikuwa sawasawa, haina hata uzi mmoja uliochanika.

"Shemeji, kamba hii ilikatika au ilikatwa?"

Shemeji alitazama upande wa kijiji, kisha akauliza polepole, "Nani mwingine ameiona?"