Palipo na Wachache

Miaka hiyo dhoruba haikuachwa ijiendee. Mitambo iliisukuma hadi palipo na watu wachache. Somoe, msomaji wa ramani za mgandamizo wa hewa, aliiona mistari ikibanana juu ya Kitunguli, kijiji chao. Akampigia mama yake simu.

“Mama, ondoka leo leo. Dhoruba inaletwa huko.”

“Kwani si kuhama kwa majirani zetu kina Chande ndiko kulikotufanya wachache? Na Bi Mwanahawa asiyeweza kutembea, nimwachie nani?”

“Tutambeba.”

“Na wale wa ng’ambo ya mto? Tukitoka sisi, wachache watakuwa wao. Wana watoto wachanga kule.”

Somoe akaitazama tena ramani. Mama hakukosea: mistari ingehamia ng’ambo tu.

“Basi niambie, mwanangu, upepo utaanzia wapi, nijue mlango wa kuziba.”

“Kusini,” Somoe alisema. “Halafu utatulia kidogo, mama. Usitoke. Utarudi kutoka kaskazini, kwa nguvu zaidi.”

“Kumbe pande zote,” mama alisema. Akaweka simu chini bila kuikata, na Somoe akamsikia akihangaika kuburura kabati, peke yake.