Jiwe Lililonyamaza

"Hakuna kiumbe anayefika kwangu bila mimi kujua," Bibi Odeta alimwambia hakimu, kifua mbele kama jogoo. Kisha kifua kikashuka. "Isipokuwa huyo. Huyo alifika, sikujua."

Alimnyooshea kidole Malimi, mnunuzi wa samaki pale mwaloni, mitumbwi inakoshusha, aliyesimama kizimbani na shati lililopigwa pasi.

Hakimu alivua miwani. "Mama, unasema njiani kwako kuna jiwe linalocheza. Mtu akilikanyaga linagonga, mlima mzima unasikia."

"Ndiyo kengele yangu, mheshimiwa. Balozi wa nyumba kumi akija kukusanya michango, mpaka afike mlangoni mimi nimeshalala mgonjwa."

Watu walicheka. Hakimu hakucheka.

"Na siku hiyo, ukiwa nyuma ya nyumba unamenya viazi, liligonga?"

"Hapana."

"Majirani walilisikia?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Sasa nani alipita?"

Malimi alitabasamu. Alikuwa ameshaapa, mkono juu ya Biblia, kwamba mlima ule wa Mabatini hajawahi kuupanda hata siku moja. Yeye anaujua mwalo, na vile viwanda vipya vya minofu, basi.

Kashindye, mjukuu wa Bibi Odeta, alikuwa na miaka tisa. Jina la Malimi alilitaja mara moja tu, siku ileile alipoumizwa, akiwa ameng'ang'ania kitenge cha bibi yake. Tangu hapo alikuwa kimya. Walipomleta mahakamani alimwona Malimi, akajikojolea, ikabidi arudishwe nyumbani. Fomu ya daktari nayo ilikuwa imepotea, na kila aliyeulizwa alimtaja mwenzake.

Wazee wa ukoo walishakuja na ushauri: Malimi atoe ng'ombe wanne, yaishe kifamilia.

"Sawa," Bibi Odeta aliwajibu. "Ng'ombe wenyewe watalala kwenye kitanda cha Kashindye. Kiko wazi, maana mwenyewe siku hizi analala uvunguni."

Wazee waliondoka bila kumaliza chai.

Sasa ilikuwa Jumatatu, na hakimu alisema hukumu ataisoma wiki ijayo. Kila mtu aliijua hukumu hiyo. Malimi angeachiwa, angerudi na pikapu yake, angeegesha palepale chini ya mlima, kwenye bomba ambalo Kashindye huchota maji.

Bibi Odeta alipiga magoti, goti bovu likalia kuliko yeye. "Mheshimiwa, nakuomba kitu kimoja. Njoo ulione jiwe. Uje naye."

Hakimu alimtazama mwanamke mzima akiwa sakafuni, akahema. "Ijumaa asubuhi."

Nje, afande Winnie, mwendesha mashtaka, alimshika mkono. "Bibi, jiwe lenyewe bado lipo?"

"Lipo, mwanangu. Liende wapi?"

Jioni ile jirani yake, Teodora, alimkuta ameinama njiani na kopo la saruji aliloomba kwa fundi.

"Odeta! Paa linavuja, mlango hauna komeo, wewe unatengeneza njia?"

"Nina wageni wakubwa Ijumaa. Sitaki mtu ajikwae."

Teodora alitikisa kichwa, akaenda kuwaambia wengine kwamba sasa akili zimemruka. Bibi Odeta alichota mchanga kwa viganja, akaifukia ile saruji mbichi mpaka ikafanana na mlima.

Ijumaa wakaja. Askari alitangulia, Malimi nyuma yake, kisha hakimu, afande Winnie na karani wa mahakama. Bibi Odeta alikuwa wa mwisho, anajikongoja na fimbo yake. Njia ilikuwa mawe matupu, makubwa kwa madogo, yamepangwa na Mungu bila kupima. Walikanyaga moja, wakakanyaga jingine. Hakimu alihema kama mvukuto.

Walipofika kwenye jiwe linalofanana na mgongo wa kiboko, Malimi aliinua mguu juu, akapitiliza kama mtu anayevuka msafara wa siafu. Hakimu, aliyekuwa nyuma yake, alichungulia chini, hakuona siafu, akakanyaga, akaendelea kuhema.

Hakuna kilichogonga mpaka juu.

Uani, hakimu alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akajifuta jasho. "Mama, nimepanda mlima wote. Sijasikia jiwe."

"Hutalisikia, mheshimiwa. Nililitia saruji Jumatatu."

Afande Winnie alishika kichwa kwa mikono miwili. "Bibi! Umetuua! Ushahidi wenyewe ndio huo, umeufuta kwa mikono yako!"

Karani alifunga daftari. Ndani, chini ya kitanda, kitu kidogo kilisogea, kikatulia.

Malimi alicheka mpaka akainama. "Mnaona? Hakukuwa na jiwe hapa. Mheshimiwa, kikongwe huyu amekupandisha mlima bure. Mimi ndiyo kwanza napita njia hii leo, lakini hata mimi naona ni mawe tu kama mengine. Hebu aonyeshe! Liko wapi hilo jiwe lake?"

Hakimu alimgeukia Bibi Odeta. "Mama, mjibu. Liko wapi?"

Bibi Odeta aliinua fimbo polepole, akaielekeza chini, kwenye lile jiwe la mgongo wa kiboko.

"Lile pale, mheshimiwa. Leo tumelikanyaga wote. Mmoja tu ndiye aliyeliruka."