Kifundo cha Lori

Injini ilinguruma mpaka ndege wakaruka mitini, lakini lori la pamba halikusogea hata unyayo.

"Unaona, Esta?" Gregory alimwambia mkewe, akizima na kushuka. "Nguvu inatoka kwenye injini, inafika gia boksi, inaishia hapo. Propela shafti ndiyo inayoipeleka nyuma kwenye difu, difu lizungushe ekseli, magurudumu yaende. Sasa spaida, kile kiungo kinachoishika shafti, imesagika. Ni kama mguu uliovunjika kifundo."

Esta alikuwa amelazwa kivulini juu ya magunia, uchungu umemshika tangu jana, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mkunga wa Katoro alikuwa amesema wazi: wafike hospitali ya misheni kabla ya jua kutua, la sivyo watawakosa wote wawili.

Gregory alivua koti lake, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha mkewe. Akamlowesha midomo kwa maji. Kisha akaingia tena chini ya lori na spana yake.

Melania, mama yake Esta, alikaa karibu na binti yake, amelipa lori mgongo. Kwa Wasukuma mama mkwe hamtazami mkwewe, sembuse mkwe aliyelala chali na shati wazi. Hata maneno yao yalipitia kwa Esta.

"Esta, mwambie baba atoke anywe uji."

"Mwambie mama anywe yeye kwanza," sauti ya Gregory ilijibu kutoka chini. "Ametoka nyumbani bila kula."

Melania aliguswa. Gregory ndiye aliyesikia kishindo na kusimamisha lori. Yeye hakusikia kitu, lakini bibi kizee atajua nini habari za malori? Alichojua ni kwamba Mungu alikuwa amembadilisha kijana huyu. Mwaka jana alitaka kumrudisha Esta kwao, amwoe binti mmoja wa Geita. Padre akamkatalia: kilichofungwa kanisani hufunguliwa na kifo tu. Gregory akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakuwahi kumpandishia mkewe sauti.

Adhuhuri alipita mchungaji wa ng'ombe, mzee Maduhu. Aliinama, akachungulia chini ya lori, akacheka.

"Ng'ombe wangu akivunjika mguu anabaki na mitatu! Huyu wako kifundo kimoja tu, kalala kama mfu!"

Kisha akamwona Esta, na kicheko kikakatika.

"Kijana, niite wanaume. Tutamfunga kwenye machela, tumbebe kwa zamu. Kabla ya jua kutua tumefika."

Melania alitaka kuitikia, lakini mwenye mke alikuwa Gregory.

"Ahsante, baba," Gregory alisema kwa upole. "Machela itamtikisa, mtoto ataumia. Nakaribia kumaliza."

Maduhu akaacha kibuyu cha maziwa, akaswaga ng'ombe wake. Alipofika mbali aligeuka mara moja.

Jua lilihama, na Melania akahamisha magunia, akimvuta binti yake kufuata kivuli. Spana iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena.

"Esta, muulize baba kama bado sana."

Esta hakuuliza. Mkono wake ulikuwa umelegea ndani ya mkono wa mama yake.

Gregory alitoka chini ya lori, akapiga magoti, akamfumba macho mkewe kwa vidole vilivyojaa grisi. Akamfunika kwa kanga, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Machozi yalimtoka kweli. Kisha akaokota spana yake.

Melania alimsikia akiingia tena chini ya lori. Hapakuwa tena na wa kumpelekea maneno, basi kwa mara ya kwanza akasema naye mwenyewe, uso akiuelekeza kwenye majani.

"Pumzika, mwanangu. Umehangaika na chuma hicho mchana kutwa. Mume mwingine angetukimbia. Mungu akulipe kwa ulivyomtendea mwanangu."

"Amina, mama," Gregory alijibu, akainua shafti, akairudisha spaida, nzima bila mkwaruzo, mahali pake, na kukaza bolti alizozifungua asubuhi.