Chumba cha Msingi

Jirani yangu Mama Sikudhani anadai kwamba alipokuwa akimtengea marehemu mumewe chumba ndani ya diski ya kuhifadhia roho za wafu, kioo chake kiliandika, “Msingi au Ziada?” Akadhani anaulizwa kisomo chake. Akabonyeza Msingi, na papo hapo mumewe akaamka akidai chai! Wanaowekwa Ziada hutunzwa tu kama picha, hawaamki.

Leo ilikuwa zamu ya marehemu mama yangu. Niliishika diski yake kwa furaha.

“Bonyeza Msingi, Zawena,” Mama Sikudhani akanihimiza. “Si ndiyo shule yetu!”

Tukacheka, nikabonyeza.

“Zawena?”

Jamani, mama mwenyewe! Nikaruka. “Abee mama! Shikamoo!”

“Marahaba, mwanangu. Huku niko peke yangu. Njoo tukae wote.”

Mama Sikudhani akaacha kucheka, akanitazama. Nilikuwa bado nimeishika diski.