Joho Mezani

"Monsieur Miburo," jaji alisema, na mahakama yote ya Kalemie ikamgeukia wakili.

Raia wa Zaire aliitwa Citoyen. Monsieur alikuwa mgeni. Kwa miaka yote ya uwakili wake Miburo aliitwa Citoyen, na asubuhi hiyo alikuja kuwatetea wakimbizi wa Burundi waliokuwa karibu kurudishwa kwa nguvu ng'ambo ya ziwa, kule walikouawa ndugu zao kwa sababu ya kabila.

"Ao nimekosea?" jaji alitabasamu. "Wanasema na wewe ulivuka ziwa mugongoni mwa mama yako. Apa kwamba hawa si watu wa kwenu, uendelee kuwatetea. Kama hutaki, kaa nao kwenye benchi."

"Abakosti ni ya kwetu, mwenyewe ni wa kule!" askari wa mlangoni alicheka, akilionyesha koti la Kizaire lililochungulia chini ya joho la Miburo.

Neno moja la kiapo lingetosha. Lakini alikwisha kumkana mama yake mbele ya kila biro ya serikali ya mji huu, na alikuwa amechoka.

Akafungua vifungo vya joho lake la uwakili. Akaliacha joho mezani, akaenda kuketi karibu na Mama Pascasie, mjane aliyemwomba awasemee. Akangoja amshike mkono.

Mama Pascasie alijivuta pembeni. Nje, lori la kuwapeleka bandarini lilikuwa limekwisha kuwashwa.

"Ndugu tunao wengi, Papa," alisema. "Sasa nani atatusemea?"