Kidole cha Fundi

Kofi la kwanza lilimwangusha yule mwanamke, fundi wa kompyuta, sakafuni. La pili alilipata akiwa amesharudishwa kitini.

“Fungua stoo,” alisema Kipara, bastola mkononi.

“Kaka, nisikilize kwanza. Hii programu…”

“Maneno weka akiba.” Akamsokomeza kitambaa mdomoni na kukifunga kwa nyuma. Kipara alikuwa mtu wa vitendo. Kusikiliza aliwaachia wenye nafasi.

Fundi akabonyeza herufi K. Mwisho wa ujia, lango zito la chuma likanguruma na kuinuka hadi usawa wa goti. Mdogo wake Kipara, mwembamba kama ufito, akajipenyeza chini yake kwenda kuvuta mabunda ya nyaya za shaba.

“Taratibu, bwana mdogo,” Kipara alimwambia, na sauti yake ikalainika. Mama yao alimkabidhi mtoto huyo akiwa anakata roho. Tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa akabaki na meno yote.

“Kaka, bunda limekwama chini ya lango,” mdogo alijibu. “Ngoja nilale nilivute.”

Kipara akamgeukia fundi. Kidole kilikuwa bado pale pale. Kwenye skrini herufi zilikuwa zinafuatana zenyewe, KKKKKKKK, mstari mzima na mwingine chini yake.

Akakumbuka maneno ya mlinzi aliyewauzia siri za pale, mtu ambaye kompyuta ile aliijua kwa kuichungulia dirishani: mashine inasikiliza kila kitufe, na kitufe kimoja kikirudiwa-rudiwa, polisi wanapigiwa simu.

“Mimi ndiye wa kuzungukwa?” Kipara alifoka. “Unaniitia polisi huku unanitazama usoni! Toa kidole!”

Fundi alitikisa kichwa. Akanyoosha kidevu kuelekea kwenye ujia, macho yamemtoka, akitoa mlio ndani ya kitambaa.

Ngumi ikatua ubavuni, na ubavu ukalia. Kidole hakikutoka. Kipara akamvuta nywele. Mwanamke akajilaza juu ya meza na kukandamiza kitufe kwa uzito wa mwili wake. Kitako cha bastola kikamshukia kwenye kifundo cha mkono mara mbili, damu ikatapakaa kwenye vitufe, na herufi zikaendelea kumiminika.

Kipara aliogopa sasa, na akiogopa ndipo huwa mbaya zaidi. Aliwaona polisi wakimfunga pingu mdogo wake, akamwona mama yake akitazama.

“Sikio la kufa halisikii dawa,” alisema. Akakikamata kidole kile, akakivunja kwa nyuma kama ukuni mkavu, akauinua mkono wote juu.

Herufi zikakoma.

Kipara akashusha pumzi. Mwisho wa ujia lango likateremka kwa uzito wake wote, na mdogo wake akaita “Kaka!” mara moja tu.